Bibi wa Ushungi Anakwenda Manassas

Shaba ikishikwa sana inaacha harufu viganjani, na harufu hiyo haitoki kwa sabuni ya mara moja. Mwezi uliopita, tulipokuwa tukigawana vitu vya marehemu baba, mdogo wangu alinisukumia mkebe wa biskuti akasema, "Huu wako, wewe ndiye uliyekuwa fundi wake." Nikaufungua, nikatia mkono, nikatoa peni moja, sarafu pana, nyeusi, na kabla sijaitazama vizuri nikajikuta nimesimama. Hebu fikirieni, mtu mzima mie, nina watoto wanaonizidi urefu, nimeshika kipande cha shaba na nataka kukimbilia chooni. Wenzangu walidhani ni msiba. Wala. Ulikuwa woga, tena woga wa zamani, wa wiki moja tu nilipokuwa na miaka minane. Mdogo wangu haujui, maana wakati huo alikuwa hajazaliwa.

Tulikuwa tukikaa Riverdale, Amerika, fleti ya ghorofa ya pili, karibu na reli. Treni ya mizigo ikipita, vikombe vinagongana kabatini. Tulikuwa wanne: baba, mama yangu, mimi, na Bibi, aliyemzaa baba, ambaye aliletwa kutoka Unguja na kupewa kitanda cha pili chumbani mwangu. Mama yangu alikuwa akitandika vitanda hotelini, wikiendi na zote. Baba alikuwa kwenye gereji ya kuegeshea magari kule Shaw, karibu na chuo kikuu, anakaa ndani ya kibanda cha kioo anapokea tiketi. Ndani ya kibanda kile, baina ya gari na gari, ndipo alipopatia ugonjwa wake wa sarafu za Kiingereza.

Alikuwa akiziokota soko la Jumapili, ndooni, zimechanganywa na za nchi nyengine zote za dunia, na yeye anachambua mpaka vidole vinakuwa vyeusi. Hakutaka fedha inayong'aa. Alitaka peni za zamani, zile kubwa, na katika peni alitaka aina: hii na ile zinapishana wapi. Mama yangu alikuwa akimtania, "Watu wamemkimbia Mwingereza, mwenzetu anamfuata mpaka Amerika." Baba anajibu, "Alinitawala utoto wangu wote. Sasa yumo ndani ya mkebe wangu wa biskuti, na kifuniko nafunga mimi." Basi anacheka peke yake, roho yake imeridhika.

Kazi yangu mimi ilikuwa macho. Ya baba yalikuwa yameshaanza kukataa vitu vya karibu, kwa hiyo nikirudi shule ananitandikia gazeti mezani, ananipa kioo cha kukuzia, anasema, "Haya, soma." Nasoma mwaka. Chini ya mwaka kuna herufi? Ikiwepo H ndogo, anapiga meza kwa kofi. Ukingo una shanga au una meno? Upande wa pili, nyuma ya yule mwanamke aliyechorwa amekaa na ngao yake, mnara wa taa upo au haupo? Mimi namjibu kwa Kiingereza, kama tulivyokuwa watoto wote wa kule, na yeye anajifanya hasikii mpaka niseme kwa Kiswahili. Malkia wa upande wa mbele alikuwa mmoja lakini sura zake tatu, na mimi na baba tulimwita kwa hesabu: malkia wa kwanza, msichana mwenye utepe wa nywele, malkia wa pili, mtu mzima, nywele kazikusanya nyuma, malkia wa tatu, ajuza, kitambaa kimemfunika kichwa mpaka mabegani.

Kulikuwa na peni moja ya malkia wa tatu iliyomtesa. Kitabu chake kilisema kuwa mwaka wa kwanza wa sura ile kulitoka aina mbili. Moja, ule mkuki wa meno matatu anaoushika yule mwanamke wa ngao umeisogelea herufi P ya neno 'penny'. Nyengine, umeachana nayo kidogo, upana wa milimita mbili, na hiyo ndiyo adimu. Ya kwetu ilikuwa imelika vibaya, hata hiyo P yenyewe ilikuwa ya kubahatisha. Jumatatu moja tulikaa nayo mpaka maghrib, mimi na kioo, yeye na sindano ya kupimia. Mwisho nikasema, "Vimekaribiana, Baba." Akashusha pumzi. "Ya kawaida," akasema, akaiweka pembeni, na mimi nikaisahau.

Kesho yake nikarudi shule nikamkuta baba jikoni, mgongo kwa mlango, waya wa simu umemzunguka kiunoni. Nyie wa umri wangu mnazikumbuka simu zile za ukutani. Alikuwa akizungumza na Ami Salum, rafiki yake wa Mombasa aliyehamia Manassas, upande wa Virginia, kufanya kazi kiwandani. Ami Salum alikuwa mgonjwa wa sarafu kama yeye. Kwa kawaida alikuwa akipayuka mpaka anasikika nje ya simu, lakini siku ile, kwa bahati mbaya yangu, nilisikia upande wa baba tu.

"Salum, Bibi nimeshaamua. Nakuletea wewe," baba alisema. "Hapana, hana kasoro kubwa, kachakaa tu. Uso umelika wote, ukimtazama humjui kama ndiye. Kilichobaki kuonekana ni ushungi, basi." Akasikiliza, akacheka. "Kwangu nafasi sina, bwana, ananijazia. Wewe unao wazee wenzake, atakaa nao. Jumamosi asubuhi, inshallah."

Nilisimama pale na begi langu mgongoni.

Sasa lazima niwaeleze, msije mkaniona mjinga. Bibi alikuwa hauvui ushungi hata ndani ya nyumba. Kanga yake ilimzunguka kichwa na kidevu tangu asubuhi mpaka anapolala, kwa heshima na kwa baridi. Na uso wake kweli ulikuwa umekunjamana. Halafu, wiki iliyotangulia, alisahau sufuria ya maharage motoni akaenda kusali. King'ora cha moshi kikalia, jengo zima likamwagika barabarani, watu na ndara zao, na meneja akamfokea baba mbele ya kadamnasi. Baba hakumwambia Bibi neno. Kimya kile ndicho nilichokikumbuka pale mlangoni.

Na kulikuwa na Denise. Denise alikuwa akikaa dawati moja na mimi, na bibi yake alikuwa akimsuka nywele kila Jumapili. Jumamosi moja nyumbani kwao waliambiana wanakwenda kutembea, wakamtia bibi garini, wakarudi bila yeye. Wamempeleka nyumba ya wazee. Denise aliniambia kuwa kule kunanuka dawa ya sakafu, na kwamba bibi yake kila wanapoaga anauliza koti lake liko wapi. Tangu hapo Denise alikuwa akija shule na nywele za kufunga kwa mpira.

Mtaniuliza, kwa nini hukumuuliza baba yako? Mtoto anayeliogopa jibu haulizi. Nilichofanya ni kumnyemelea mama yangu alipokuwa akivua viatu vya kazini.

"Jumamosi Baba anakwenda Manassas?"

"Anakwenda."

"Na Bibi je?"

"Aa, mambo ya baba yako na Salum hayo, mie usinitie. Hebu nipe maji."

Nikampa maji. Mengine yakamwagika zuliani, na yeye akanigombeza kwa zulia.

Basi nikaamua kuwa Bibi lazima aonekane wa maana kabla ya Jumamosi. Jumatano nilipiga deki jikoni, nikaosha vyombo vyote, baba aliporudi nikamwambia, "Bibi kafanya yote haya." Baba akasema, "Mashaallah," akaenda kuoga. Nilikaa karibu na jiko kila Bibi alipolisogelea, natazama moto, namkumbusha chumvi, namkumbusha kuzima. Sikulala vizuri wala sikula vizuri. Mwalimu aliniuliza kama nyumbani kuna tatizo, nikasema hapana, maana nilihisi nikisema tu, ndio litakuwa kweli.

Alhamisi nilikwenda kwenye uso. Mama yangu alikuwa na kopo la mafuta ya uso, la bei, ambalo mtu hakuruhusiwa kuligusa. Nikalichukua, nikamkalisha Bibi kitandani, nikaanza kumpaka kwenye makunyanzi, moja moja, nikivuta ngozi ili ikae sawa. Bibi alikuwa na desturi ya kuniita mke mwenzake, utani wetu, eti sote tumeolewa na babu aliyekwisha kufa.

"Mke mwenzangu," akaniambia, "unanipaka ili iwe nini?"

"Upendeze."

"Nimpendezee nani na uzee huu?"

"Watu tu."

"Haya, paka," akasema, akafumba macho.

Mwenyewe naye alikuwa na mambo yake wiki ile, ila mimi nilikuwa nimeshughulika mno kuyatia maanani. Alifua kanga zake zote kwa mkono. Alinifundisha kujitanda ushungi mwenyewe, akanifungulia na kunirudisha mwanzo mara tano, ananiambia, "Usingoje mtu akufanyie." Alinionyesha alipoweka ubani. Nilidhani anapitisha siku. Nilimwonea huruma kwamba hajui linalomngoja, na nilijikaza nisilie mbele yake, nikawa naenda kulilia bafuni, maji yamefunguliwa.

Ijumaa tulikuwa mbele ya televisheni, na mtu wa hali ya hewa akasimama na ramani yake. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani.

"Anasemaje huyo?" Bibi akauliza. "Jumamosi kuna baridi?"

"Theluji," nikasema. "Nyingi sana, Bibi. Magari yote yatakwama. Hakuna mtu atakayetoka."

Nyuma ya yule mtu walikuwa wamechora jua la manjano, kubwa, linacheka. Bibi akalitazama jua, akanitazama mimi. "Theluji," akarudia taratibu. "Basi mtu avae soksi mbili."

Jioni ile nikamwibia viatu. Alikuwa na jozi moja tu ya viatu vya kufunika, vyeusi, alivyonunuliwa na baba. Nilivitia ndani ya begi la shule, chini ya vitabu, nikalifunga. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: hakuna mtu atakayemtoa mzee nje kwenye baridi ya Novemba na ndara.

Jumamosi mama yangu alikwenda kazini mapema. Nilikuwa mezani na bakuli la maziwa ambalo sikuligusa, baba akaingia, kanyoa, kavaa koti lake zuri, anazungusha funguo za gari kidoleni.

"Haya mama, koti," akaniambia kwa furaha. "Twende tukampeleke Bibi kwa Ami Salum."

Sijui nilisimamaje. Najua bakuli lilikwenda chini. "Haendi!" nikapiga ukelele. "Bibi haendi! Maharage niliyaunguza mimi, si yeye! Mimi ndiye niliyewasha moto mkubwa! Nipeleke mimi kwa Ami Salum, mie sina kazi hapa!" Yote hayo kwa Kiswahili, safi, bila kuambiwa, na kwikwi juu yake.

Baba alibaki na funguo hewani. "Lahaula," akasema. "Bibi yupi?"

Nikaonyesha mlango wa chumbani kwetu.

Akautazama mlango. Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa bahasha ndogo, akamimina kiganjani ile peni yetu ya Jumatatu, nyeusi, imelika. "Bibi huyu," akasema. "Bibi wa Ushungi." Na hapo ndipo nilipojua kuwa yeye na Ami Salum walikuwa na majina yao ya siri ambayo mimi sikupata kuyasikia. Malkia wa pili, kwa lile fundo la nywele, walimwita Bibi wa Shungi. Wa tatu, kwa kile kitambaa, Bibi wa Ushungi. Ami Salum alikuwa na daftari zima la malkia wazee, waliochakaa, anawapanga kwa miaka, na baba alikuwa akibadilishana naye: nikupe Ushungi, unipe Shungi. Ndio wazee wenzake hao.

Baba alicheka mpaka akakaa sakafuni katikati ya maziwa, na koti lake zuri. Mimi nikacheka na makamasi yangu. Sijapata kupumua vile tena maishani. "Salum akisikia haya tutamzika," baba akasema, anajifuta macho. "Njoo tumwambie Mama, na yeye acheke." Akanishika mkono tukaenda chumbani kwa Bibi, akabisha hodi, akafungua.

Bibi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Kavaa buibui lake la kutokea, kajifunga vizuri, soksi mbili mbili ndani ya ndara. Kitanda kimetandikwa. Mkoba wake uko sakafuni, umefungwa kamba.

"Viatu vyangu sivioni," akamwambia baba. "Nimevitafuta tangu alfajiri. Lakini ndara zinatosha, nisikucheleweshe."

Kicheko cha baba kilikuwa bado kipo mdomoni. "Unakwenda wapi, Mama?"

"Si kwa Salum? Nilikusikia Jumanne. Nilikuwa namaliza kusali, natoa salamu, mlango wazi."

Baba akaenda akapiga magoti mbele yake. Alianza kueleza, maneno yakamgongana: sarafu, Mama, tulikuwa tunasema sarafu, ni jina tu, mchezo wetu na Salum. Akampa ile peni. Bibi akaisogeza dirishani, akaigeuza, akautazama ule uso uliokwisha.

"Huyu?"

"Huyu."

"Kweli, kajitanda," Bibi akasema, akamrudishia. Hakucheka.

"Mama," baba akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto, "wewe uliamini? Mimi nikutoe wewe?"

Bibi alimfuta maziwa kwenye mkono wa koti kwa ncha ya ushungi wake. "Ulisema Bibi," akamwambia. "Bibi ni kwa mtoto huyu. Ukizungumza na mtu mzima mwenzako, hata siku moja hujaniita hivyo, mimi kwako ni Mama. Nilipokusikia nikasema, basi, nimeshakuwa Bibi. Huyu keshaamua, na kuamua hakukumwia rahisi. Nisimzidishie kwa kulia."

Baba alilia. Sikuwa nimepata kumwona analia, na niliogopa kuliko wiki nzima ile, kwa sababu safari hii hapakuwa na kitu cha kuficha wala cha kumpaka mtu. Alifungua kamba ya mkoba kwa mikono yake, akaanza kurudisha vitu mahali pake: kanga, Msahafu, tasbihi, picha ya babu. Chini kabisa palikuwa na kitambaa cheupe kilichokunjwa, na ndani yake kifungu cha karafuu maiti, na mimi nikasikia ile harufu kali nisijue ni ya nini.

"Na hii, Mama?"

"Sanda yangu. Nilikuja nayo." Bibi alisema kwa upole, kana kwamba yeye ndiye anayetaka radhi. "Watu wa kule hawanijui. Nikiwafia, wangejuaje cha kunivika."

Nilikwenda nikalifungua begi la shule, nikamletea viatu vyake, nikaviweka miguuni pake. Akavitazama. "Kumbe mke mwenzangu ndiye mwizi," akasema, na hapo ndipo alipojua kuwa na mimi nilijua. Akanivuta nikamlalia mapajani. Siku nne tulilala chumba kimoja, kitanda na kitanda hatua moja baina yake, kila mtu anamficha mwenziwe jambo lile lile, anamtengenezea mwenziwe kuondoka au kubaki. Mpaka leo nikilifikiria hilo nalia, na sioni haya kusema.

Manassas hatukwenda. Ami Salum alikuja mwenyewe, akaomba radhi kwa Bibi kana kwamba kosa ni lake, akaletewa chai. Toka hapo, kila baba aliposhika simu kuzungumza na Ami Salum, alikuwa kwanza anageuza shingo na kupaza sauti nyumba nzima isikie: "Mama! Tunasema sarafu!" Na Bibi anaitikia kutoka chumbani, "Nimekusikia, mwanangu." Tulicheka sana kwa hilo, miaka na miaka. Mama yangu alikuwa akiwaigiza wote wawili mbele ya wageni, na Bibi alikuwa akicheka kuliko wote.

Lakini mimi ndiye niliyekuwa nikilala naye chumba kimoja. Na mpaka Mungu alipomchukua, kila Jumamosi nilipofumbua macho, nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, ameshavaa buibui lake la kutokea.